Wanawake na Elimu ya Hesabu: Nani Ahesabu Fungu la Binti?

(Matini ya muhadhara uliotolewa Tunguu, Unguja, mbele ya waumini wanaume na wanawake)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, aliyemfundisha mwanaadamu yale asiyokuwa akiyajua. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Tulipoombwa tuzungumze juu ya wanawake waliopata sifa katika elimu ya hesabu, wapo ndugu waliotuuliza iwapo mada hiyo ina mahala ndani ya msikiti. Swali hilo si baya, nasi hatukulichukia. Jawabu yetu ni kwamba hesabu imeingia msikitini tangu zama za Mtume (S.A.W.) mwenyewe, na aliyeiingiza ni mwanamke aliyekuja kushitaki.

Anasimulia Jabir bin Abdillah (R.A.) kwamba mke wa Saad bin Rabii (R.A.) alimjia Mtume (S.A.W.) pamoja na mabinti zake wawili. Saad alikuwa ameuawa shahidi katika vita vya Uhud. Ami yao watoto hao alikwishaichukua mali yote ya marehemu, hakuwaachia kitu, na mama akaeleza kuwa mabinti wasio na mali hawataposwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazoea ya Waarabu wa zama zile: anayerithi ni anayeweza kupanda farasi na kushika upanga. Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa Allah atahukumu katika jambo lile. Ikateremka aya ya mirathi katika Suratun-Nisaa, naye akampelekea ujumbe yule ami, akamwamuru awape mabinti wa Saad thuluthi mbili, ampe mama yao thumuni, na kinachobakia ndicho kiwe chake.

Tusiipite kwa haraka hukumu hii, kwani ndani yake imo kazi ya hesabu. Thuluthi mbili na thumuni haziongezeki juu ya nyingine mpaka zitafutiwe asili moja, na asili hiyo ni 24. Mabinti wanapata mafungu 16, kila mmoja 8. Mama anapata 3. Ami anabakiwa na 5. Basi tuseme mtu amefariki hapa Tunguu, ameacha mke, mabinti wawili na ndugu wa baba na mama mmoja, na mali yake ni minazi 216. Kila fungu ni minazi 9. Mke anachukua 27, kila binti 72, na ndugu wa marehemu 45.

Hapa tunaomba tutoe neno pembeni. Wapo wanaoishambulia dini yetu kwa kusema kuwa Uislamu siku zote humpa mwanamke nusu ya mwanamme. Mtu mwenye kujua hesabu ya faraidh hana haja ya kupandisha sauti kuwajibu. Katika mas-ala hii tuliyoitaja, binti mmoja amechukua 72 na mwanamme mzima aliyekuwa akitaka kuchukua yote amechukua 45. Maiti akiacha mtoto wa kiume pamoja na mama na baba, wazazi hao wawili huchukua sudusi kwa sudusi. Ndugu wa mama mmoja, wa kiume na wa kike, hugawana sawa kwa sawa. Ile ya mwanamme kupata mafungu mawili ya mwanamke ni hukumu ya mahala pake, kama vile watoto wa kiume na wa kike wanaporithi pamoja, na ina hikima yake katika wajibu wa matumizi. Lakini linalotusikitisha zaidi kuliko maneno ya hao wa nje ni kwamba katika majumba yetu wenyewe tunabishana juu ya nusu hali dada zetu hata robo hawajapewa.

ALIYEULIZWA NA MASAHABA

Katika kizazi kile cha mwanzo, mmoja wa waliobobea katika elimu ya mirathi alikuwa Mama wa Waumini, Bibi Aisha (R.A.). Masruq, mwanafunzi wake mkubwa miongoni mwa Tabiina, amesimulia kwamba aliwaona masahaba wakubwa, watu wazima wenye umri, wakimuuliza juu ya faraidh. Walimwendea kwa mas-ala ya mafungu, yaani kwa mambo yanayotaka kutenga, kulinganisha na kugawa. Hakuna aliyesikika akisema kuwa hesabu ni ya wanaume.

Wala kazi hiyo haikuwa nyepesi. Katika zama za Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) ilizuka mas-ala ambayo mafungu yake yanapindukia mali: mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili. Mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili. Katika sita, tatu na nne ni saba. Mali ni sita, waliokuja na haki ni saba! Umar akashauriana na masahaba, ikaonekana kuwa asili ipandishwe kutoka 6 hadi 7, kila mmoja apunguziwe kwa kadiri ya fungu lake. Hii ndiyo inayoitwa aul. Na inasimuliwa juu ya Imam Ali (R.A.) kwamba aliulizwa akiwa juu ya mimbari kuhusu maiti aliyeacha mke, mabinti wawili, mama na baba, akajibu papo hapo, bila ya kukata khutuba, kuwa thumuni ya mke imegeuka tusui, maana asili ya 24 imepanda ikawa 27, na tatu katika 27 ni moja katika tisa.

Elimu hii ndiyo mojawapo ya sababu zilizoikuza hesabu kwa Waislamu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun (aliyetawala miaka 813 hadi 833), alieleza katika kitabu chake cha al-jabr kuwa watu wanaihitajia hesabu hiyo katika mirathi, wasia, kugawana, biashara na kupima ardhi. Sehemu kubwa ya mwisho wa kitabu hicho ni mas-ala ya wasia na mirathi. Kutokana na jina la kitabu hicho ulimwengu ukapata neno aljebra ambalo watoto wetu wanakumbana nalo skuli, na wengi wao hawajui kuwa kanuni ile iliwekwa pia ili mjane na yatima wapate haki yao.

SUTAYTA WA BAGHDAD

Katika mji huo huo wa Baghdad, zaidi ya miaka mia moja baadaye, aliishi Amatul-Wahid binti wa kadhi al-Husayn bin Ismail al-Mahamili, aliyejulikana kwa jina la Sutayta. Sisi watu wa pwani hii tuna sababu ya kumjua kwa karibu, kwani alikuwa mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii. Khatib al-Baghdadi, katika historia yake ya mji huo, anamtaja kuwa alihifadhi Qur'ani, aliijua fiqhi ya Shafii, faraidh na hesabu zake, nahau na elimu nyenginezo. Alipokea hadithi kwa baba yake, na alikuwa akitoa fat-wa pamoja na mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, Abu Ali bin Abi Hurayra. Mwanawe alikuwa kadhi. Alifariki mwaka 377 Hijria, takriban mwaka 987 Miladia.

Tutafakari ilivyokuwa. Mtu amekuja na mirathi iliyofungana, warithi kumi, wengine wamekwisha kufa kabla ya kugawana, na anayefungua fundo lile ni mwanamke. Anataja fungu la kila mmoja, na watu wanaondoka wakiwa wametosheka.

Yako maandishi ya siku hizi yanayomwongezea Sutayta mambo mengi: kwamba alivumbua hili na lile katika aljebra, kwamba alifumbua milinganyo iliyowashinda wengine. Sisi tunaofundishwa kuuliza isnadi katika dini, haitupendezi kuiacha isnadi tunapofika kwenye sifa za watu wetu. Yaliyothibiti yanatosha. Ni hivyo hivyo kwa yule mwanamke wa Halab, Sham, anayeitwa siku hizi Mariam al-Asturlabi. Ibn al-Nadim, aliyeandika orodha yake kuu ya vitabu na wenye elimu mwaka ule ule wa 377 aliofariki Sutayta, anamtaja kwa nisba tu, al-Ijliyya, binti wa fundi wa asturlabu, aliyejifunza kazi hiyo na kumtumikia mtawala Sayfud-Dawla. Jina la Mariam halimo. Lakini kutengeneza asturlabu, chombo cha kujulia nyakati za sala na kupimia nyota, ni kazi isiyofanyika bila ya hesabu za duara na pembe. Na kule Andalusi, katika kasri ya Khalifa al-Hakam wa Pili mjini Qurtuba, alikuwapo Lubna, katibu wa Khalifa, ambaye Ibn Bashkuwal anamsifu kwa nahau, ushairi, hati nzuri na hesabu. Alifariki mwaka 374 Hijria.

Basi katika zama za Sutayta, Sham na Andalusi nazo zilikuwa na wanawake wa namna yake.

KWETU UNGUJA

Je, huku kwetu? Kwa muda mrefu binti wa Unguja alifundishwa kusoma Qur'ani, na hilo ni jambo la kuwashukuru wazee wetu. Lakini aghlabu alizuiliwa kuandika. Sayyida Salme binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza hayo katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Salme alitoka katika dini baadaye, na hesabu yake iko kwa Mola wake; sisi tunamtaja kwa ushahidi wake tu. Anaeleza kuwa alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana hawakufundishwa hayo. Kwa ujuzi huo ndipo alipofanywa katibu wa ndugu zake katika njama ya Sayyid Barghash mwaka 1859, angali kijana wa miaka kumi na mitano.

Skuli ya kwanza ya serikali kwa wasichana ilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1927. Khofu ya baadhi ya wazee wakati huo ilikuwa kwamba binti akijua kuandika atawaandikia barua wanaume. Hatuwacheki, kila zama zina khofu yake. Ila tuangalie gharama yake. Asiyeandika hawezi kutenga mas-ala ya faraidh, maana hesabu ile haikai yote kichwani, inataka ubao au karatasi. Kwa hivyo binti aliyehifadhi aya za mirathi kwa moyo alikuwa hawezi kukagua kama fungu alilopewa ndilo. Aliambiwa, “Lako ni hili,” akapokea.

Na leo, baada ya miaka karibu mia moja ya skuli, bado tunaisikia kauli hiyo hiyo. Tena limezidi jambo jengine: mirathi haigawiwi. Baba anafariki, shamba linabaki “la familia”, nyumba ya Mji Mkongwe inabaki “ya wote”, na anayekusanya kodi au kuuza nazi ni mmoja. Kwa mwenye hesabu, huku ni kuzidisha fundo juu ya fundo, ambako wanavyuoni wanakuita munasakha.

Turejee kwenye minazi yetu 216. Kabla haijagawiwa, binti mmoja akafariki, naye ameacha mume, mtoto wa kiume, na mama yake yule yule mjane. Mume wa binti ana robo, mama ana sudusi, na mtoto anachukua kinachobaki. Asili yake ni 12: mume 3, mama 2, mtoto 7. Fungu la binti kwa baba yake lilikuwa 8 katika 24, na 8 haigawiki kwa 12. Zote mbili hugawika kwa 4, basi tunaizidisha ile 24 kwa 3, inakuwa 72. Sasa mjane ana 9 kwa mumewe na 4 kwa binti yake, jumla 13. Binti aliyebaki ana 24. Ndugu wa marehemu 15. Mume wa binti 6. Na mjukuu 14. Jumla ni 72, na kila fungu ni minazi mitatu. Mjane minazi 39, binti 72, ami 45, mkwe 18, mjukuu 42. Mwenye kupenda ajumlishe, atapata 216.

Hivyo ni vifo viwili tu. Zipo nyumba ambazo vimekwisha kuwa vitano na sita. Mahakama za Kadhi zipo, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo kwa kazi hiyo. Lakini mama asiyejua hata kuwa ana fungu, ataendaje huko? Na akienda akarudi na karatasi yenye tarakimu, nani atamsomea? Mara nyingi humsomea yule yule aliyekuwa akila mali.

MABINTI WA ZAMA ZETU

Mwaka baada ya mwaka somo la hesabu hushika mkia katika matokeo ya mitihani ya kidato cha nne nchini, na binti akianguka huambiwa, “Waachie wanaume.” Kauli hii haina asili katika dini wala katika ushahidi tunaouona. Mtanzania mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa katika hesabu ni Dkt. Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba wa mwaka 1954, aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kisha Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, alikohitimu mwaka 1986. Elimu yake ni ya mwendo wa vitu vya majimaji ndani ya mabomba. Amesomesha Dar es Salaam kwa miaka mingi na akafanya kazi Rwanda, na kwa umri wake wote amehimiza wasichana wa Afrika waingie katika hesabu na sayansi.

Huko nje, nishani ya Fields, ambayo ndiyo tunu kubwa katika elimu ya hesabu, ilianza kutolewa mwaka 1936, na kwa miaka 78 hakuipata mwanamke hata mmoja. Wa kwanza kuipata, mwaka 2014, alikuwa binti wa skuli za Tehran, Maryam Mirzakhani. Alizaliwa mwaka 1977. Katika mashindano ya hesabu ya wanafunzi wa dunia alishinda medali ya dhahabu mwaka 1994, na mwaka 1995 akaishinda tena kwa alama kamili. Alichunguza maumbo ya nyuso zilizopinda. Alikuwa akitandaza makaratasi makubwa sakafuni akichora na kuandika saa nyingi, na mwanawe mdogo wa kike akidhani mama anafanya kazi ya kupaka rangi picha. Alifariki kwa saratani ya matiti mwezi wa Julai 2017 akiwa na miaka arubaini.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Hapa Tunguu tumebarikiwa kuwa na Chuo Kikuu cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1998, na makao makuu ya Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Mwaka 2023 kilifunguliwa Bweleo tawi la IIT Madras, la kwanza la vyuo hivyo vya India kuwa nje ya nchi yake, na aliyeteuliwa kuliongoza, Profesa Preeti Aghalayam, ni mwanamke wa kwanza kuongoza IIT yoyote. Masomo yaliyoanza kusomeshwa pale ni sayansi ya data na akili mnemba, na yote mawili msingi wake ni hesabu. Tunawaona mabinti wakishuka kwenye madaladala asubuhi na hijabu zao na mikoba yao. Mzazi anayemlipia binti ada na huku akimwambia kuwa hesabu haimfai, amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwengine.

Tunalopendekeza ni dogo na linawezekana. Kila msikiti wenye darsa ya akina mama uiongeze faraidh katika darsa hiyo, si kwa kusomewa aya tu bali kwa ubao na chaki, mpaka mama aweze kutafuta asili ya mas-ala mwenyewe. Na katika vyuo vyetu vya Qur'ani, mwalimu wa hesabu apewe japo siku moja kwa wiki. Wapo wanafunzi wa kike wa vyuo hivi viwili jirani ambao wangeifanya kazi hiyo kwa kutaka radhi za Allah, lau wangeombwa.

Ili tusiishie kwenye maneno, tunawaachia mas-ala moja mama zetu na dada zetu mliopo nyuma ya pazia. Ijumaa ijayo, inshaallah, tutaanza kwa kusikia majawabu yenu kabla ya ya wanaume. Mwanamke amefariki, hana mtoto wala baba. Ameacha mume, mama, na dada wawili wa baba na mama. Mali yake ni mikarafuu 40. Asili ya mas-ala ni 6, lakini msiamini mpaka mjumlishe. Kila mmoja anapata mikarafuu mingapi?

Wabillahit-Tawfiq.